Unanunua multimita? Angalia fyuzi na maandishi ya CAT kabla ya kuuliza bei

Karibu kila meza ya fundi redio, fundi simu au fundi umeme mtaani ina ile multimita ndogo ya njano au nyeusi, yenye swichi kubwa ya kuzungusha katikati. Wengi wanaijua kwa jina la DT830. Bei yake ni kama sahani chache za chipsi mayai, inatumia betri moja ya volti 9, na inapima karibu kila kitu ambacho mwanafunzi wa umeme anahitaji.

Kwa kazi za mezani, kifaa hiki kinastahili sifa zake. Betri ya pikipiki, chaja ya simu, adapta ya king'amuzi, risista iliyoungua, vyote kinavisoma vizuri tu. Ishu inaanza pale fundi huyohuyo anapoitwa nyumba ya jirani kuangalia kwa nini soketi ya friji haina umeme, naye akachomoa multimita ileile mfukoni.

Itazame vizuri. Chini kuna matundu matatu ya kuchomeka nyaya za kupimia: COM, la volti na omu, na la 10A. Pembeni ya hilo la 10A, nyingi zimeandikwa UNFUSED. Maana yake njia hiyo haina fyuzi.

Unapopima ampea, mkondo wote lazima upite ndani ya multimita, kwa hiyo kifaa kinageuka kuwa kama kipande cha waya. Sasa chukulia umemaliza kupima ampea za betri, ukasahau kuhamisha waya mwekundu kurudi kwenye tundu la volti, kisha ukaingiza ncha mbili kwenye soketi ya volti 230. Hapo hujapima kitu. Umeunganisha laini na nyutro kwa kipande cha waya ulichokishika mkononi.

Kuzungusha swichi kwenda kwenye volti hakukuokoi, kwa sababu ndani ya kifaa tundu la 10A limeunganishwa moja kwa moja na COM. Breka ikiwa nzima itakata. Ikichelewa, nyaya za kupimia zinaweza kuyeyuka, ncha zikarusha vipande vya chuma cha moto, na ganda la plastiki likapasuka mbele ya uso wako.

Hilo ni kosa la kusahau tu, na hata fundi mzoefu hulifanya akiwa amechoka. Multimita nzuri ni ile inayokuacha ukiwa mzima baada ya kulifanya.

Unapima wapi?

Dukani, watu wengi huanza kwa kuuliza kampuni, au kifaa kina kazi ngapi. Swali la maana zaidi ni mahali utakapokwenda kukigusisha.

Fundi simu anashughulika na volti chache: betri ya volti 3.7, chaja ya volti 5, na chaja zile za kasi zinazofika volti 20. Fundi wa nyumba anakutana na volti 230, na kwenye mashine za kusaga au pampu kubwa za fezi tatu anakutana na volti 400. Fundi sola naye ana lake. Paneli moja kubwa ya nyumbani inatoa volti 40 hivi, lakini ukiunga kumi kwa mfululizo unapata volti 400 za DC.

Hizo za DC ni za kuheshimu zaidi. Umeme wa TANESCO au wa KPLC ni wa AC, unaopita sifuri mara 100 kila sekunde, na hilo husaidia cheche kuzimika. DC haina sifuri ya kupitia. Ukiivuta ncha ya kupimia wakati mkondo unapita, cheche inaweza kuendelea kuwaka kama moto wa kuchomelea.

Mpaka kati ya "fundi elektroniki" na "fundi umeme" nao si mnene kama tunavyodhani. Ukifungua TV au pawa saplai ya kompyuta, ile kepasita kubwa upande unaoingia umeme inabeba volti 325 za DC au zaidi, na inaweza kubaki nazo hata baada ya kuchomoa plagi. Kwa hiyo fundi anayesema "mimi ni wa bodi tu, sihitaji mita ya maana" anahitaji kufikiria upya.

Kuna sehemu mbili ambazo multimita ya kawaida haipaswi kugusa kabisa, hata iwe ya bei gani: saketi ya volti kubwa ya maikrowevu, ambayo inafika maelfu ya volti, na waya mnene unaoingia kwenye kioo cha TV ya zamani ya kichogo. Huko kuna vifaa vyake maalumu.

Siri iliyoko kwenye CAT

Karibu na matundu utaona maandishi kama CAT II 1000V au CAT III 600V. Haya yanatoka kwenye kiwango cha kimataifa cha usalama wa vifaa vya kupimia, IEC 61010. Wanunuzi wengi husoma namba ya volti peke yake na kuhitimisha kwamba 1000 ni kubwa kuliko 600, basi ni bora zaidi. Hapa ndipo wanapokosea.

Kwenye nyaya za umeme huwa hakuna volti 230 tupu muda wote. Radi ikipiga mbali, mota kubwa ikizimwa ghafla, au transfoma ikiwashwa baada ya umeme kukatika, mshtuko wa maelfu ya volti unaweza kupita kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Ukiwa umeshika ncha kwenye waya muda huo, mshtuko unaweza kuruka ndani ya kifaa na kutengeneza njia ya cheche. Mshtuko wenyewe unaisha papo hapo, lakini njia ikishafunguka, umeme wa kawaida nao unapita humohumo.

CAT inaeleza ni mahali gani kifaa kimeundwa kuhimili mishtuko hiyo. CAT II ni kwa vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi: pasi, TV, friji. CAT III ni kwa umeme uliofungwa kwenye jengo: meni swichi, breka, nyaya za ukutani, mota zilizofungwa moja kwa moja. CAT IV ni pale umeme unapoingilia: mita ya LUKU na waya unaotoka nguzoni. Kadiri unavyosogea kuelekea nguzoni, ndivyo nguvu iliyo nyuma ya mshtuko inavyokuwa kubwa.

Tazama namba zake. CAT II 1000V na CAT III 600V zote zinajaribiwa kwa mshtuko wa volti 6,000. Tofauti ni kwamba jaribio la CAT II hupitia ukinzani wa omu 12, na la CAT III hupitia omu 2 tu. Gawanya mwenyewe: la kwanza linaweza kusukuma ampea 500, la pili ampea 3,000. Ndiyo maana kwenye meni swichi, mita ya CAT III 600V inaishinda ile ya CAT II 1000V, hata kama muuzaji anasisitiza kinyume chake.

Kwa anayefanya kazi za nyumba, CAT III 600V ndiyo iwe chini kabisa. Anayegusa karibu na mita ya umeme atafute yenye CAT IV.

Fungua mgongo wake

Tatizo la maandishi ni kwamba mtu yeyote mwenye mashine ya kuchapa anaweza kuyaweka kwenye plastiki. Multimita yenye maandishi CAT III na bei ya kutupa inatia shaka. Muuzaji akikubali, fungua kifuniko cha nyuma uone fyuzi.

Kuna aina mbili. Ya kwanza ni kijibomba kidogo cha kioo, unaona waya mwembamba ndani yake, na kimeandikwa 250V. Ya pili ni ya kauri, nene, huoni ndani, na imeandikwa 600V au 1000V. Hii ya pili ina mchanga ndani. Waya wake ukikatika, mchanga unaizima cheche na kuufunga mkondo hata ukiwa wa maelfu ya ampea. Ya kioo, kwa mkondo wa namna hiyo, inaweza kupasuka na cheche ikaendelea kupita kana kwamba haikukatika.

Multimita ya kufanyia kazi kwenye umeme wa nyumba inatakiwa iwe na fyuzi za kauri mbili: moja ya njia ya miliampea, nyingine ya njia ya 10A. Ukikuta njia ya 10A haina kitu, ibaki ya mezani.

Fyuzi hizi zinauma bei. Moja tu inaweza kukaribia bei ya DT830 nzima au kuipita, na ndiyo sababu mafundi wengi ikiungua huweka ya kioo yenye ampea sawa, au mbaya zaidi, karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Kufanya hivyo ni kununua ulinzi kisha kuutoa kwa mkono wako. Ukiona multimita ya mitumba, hili ndilo jambo la kwanza la kukagua.

Nembo nazo zinasaidia kiasi. UL, CSA, ETL na TÜV ni alama za maabara zinazojitegemea, ingawa nazo hughushiwa. CE mara nyingi ni tamko la mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo usiitegemee peke yake.

Rangi ndiyo haisemi chochote. Mwaka 2014 forodha ya Marekani ilizuia shehena ya multimita 2,000 zilizoagizwa na kampuni ya SparkFun kutoka China, kisa uso mweusi na kingo za njano vilifanana na alama ya biashara ya Fluke. Zilikuwa mita za bei nafuu za wanafunzi, na kilichogombewa kilikuwa rangi tu. Fluke baadaye iliwapa SparkFun vifaa vyake ili kupoza mambo. Njano ile bado iko kwenye mita nyingi sokoni, na haijawahi kumzuia mtu kupigwa na umeme.

Kwa kazi za bodi, vigezo ni vingine

Ukiwa mezani na simu au redio, CAT inakuwa jambo la nyuma kidogo. Hapo unataka wepesi na usomaji wa kina.

Cha kwanza ni mlio wa kupima kama njia imeungana. Kwenye mita nzuri unalia mara tu ncha zinapogusana. Kwenye mita dhaifu unachelewa, na ukiwa unatafuta njia iliyokatika kati ya vidoa hamsini vya bodi, kuchelewa huko kunakupotezea muda na kukupa majibu ya uongo.

Cha pili ni kipimo cha dayodi. Mafundi simu wanakitumia kila siku: ncha nyekundu kwenye graundi, nyeusi kwenye njia ya kuchaji, kisha wanalinganisha namba na ya bodi nzima. Ikija karibu sifuri, kuna shoti. Ikionyesha OL au 1, njia imekatika.

Cha tatu ni kepasita. Pangaboi lisiloanza mpaka ulisukume kwa mkono, mara nyingi kosa lake ni kepasita. Kama imeandikwa maikrofaradi 2.5 na mita inasoma 1.1, umeshapata mgonjwa wako. DT830 za kawaida hazina kipimo hiki. Badala yake zina kitundu cha kupimia transista ambacho wengi hawajawahi kukigusa. Kumbuka kepasita lazima imalizwe umeme kabla ya kuipima, la sivyo itaipima yenyewe multimita yako.

Halafu kuna namba wanazotangaza: 2000, 4000, 6000. Hizo ni hesabu ambazo kioo kinaweza kuonyesha. Mita ya 2000 inaishia 1999, hivyo volti 230 itaziandika 230. Ya 6000 itaandika 230.4. Kwa soketi ya ukutani, nukta hiyo haina kazi. Kwa volti 5 za bodi ina kazi kidogo. Usilipe pesa nyingi kwa namba hii ukaacha fyuzi.

Anayeanza ni bora achukue inayojichagulia kipimo yenyewe. Zile za kuchagua kwa mkono zinataka ujue kwamba kupima volti 230 kwenye alama ya 200 kutakuletea 1, na wengi wameshatupa soketi nzima kwa kosa hilo.

Inveta na volti hewa

Mwenye kazi za sola atafute maandishi True RMS. Inveta nyingi za bei nafuu hazitoi wimbi laini kama la gridi. Hutoa wimbi la ngazi. Mita ya kawaida huchukua wastani wa wimbi na kuzidisha kwa 1.11, hesabu ambayo ni sahihi kwa wimbi laini peke yake. Kwa wimbi la ngazi lenye kilele cha volti 325 linalokuwa juu nusu ya muda, volti halisi ni 230, lakini mita hiyo itakuambia 180 hivi. Fundi anamwambia mteja inveta imekufa, kumbe iliyodanganya ni mita.

Jambo lingine ni volti hewa. Umezima breka, umepima waya, na kioo kinaonyesha volti 40 au 90. Waya uliokufa ukipita sambamba na ulio hai ndani ya bomba moja, hurithi volti kidogo zisizo na nguvu, na kwa kuwa multimita ya kidijitali ina ukinzani mkubwa, kwa kawaida omu milioni 10, inazisoma kama za kweli. Mita zenye kipimo cha LoZ hupunguza ukinzani huo, volti hewa zinaanguka, na unabaki na ukweli. Kwa fundi wa nyumba, kitufe hicho kina faida kuliko kipimo cha joto.

Kama kazi yako ni kupima ampea mara kwa mara, nunua klampu. Inazunguka waya bila kuukata, na lile kosa la tundu la 10A linabaki kuwa historia. Bana waya mmoja tu. Ukibana laini na nyutro pamoja utapata sifuri, kwa kuwa mkondo wa kwenda na wa kurudi unafutana. Mtu wa sola ahakikishe klampu yake inapima ampea za DC, kwa sababu nyingi za bei nafuu ni za AC tu.

Kabla hujatoa hela

Iwe ni Kariakoo au Luthuli Avenue, usiondoke dukani bila kujaribu. Gusanisha ncha mbili kwenye omu: ikisoma zaidi ya omu moja, nyaya zake ni dhaifu. Zichezeshe karibu na mpini huku zimegusana. Namba zikirukaruka, waya umeshakatika ndani. Pima betri mpya ya AA, itakupa volti 1.5 au 1.6. Kisha pima soketi ya duka kwa hiyo na kwa nyingine ya rafu ileile, ulinganishe.

Angalia nyaya zenyewe pia. Nazo zinatakiwa ziwe na alama ya CAT, ziwe nene, na chuma cha ncha kisiwe kirefu sana, maana ncha ndefu ndani ya breka inaweza kugusa vitu viwili kwa mpigo. Nyaya nyembamba zinazokuja na mita ya bei ya chini si za kupelekwa kwenye meni swichi. Uliza pia inatumia betri gani. Za AA au AAA unazipata duka lolote la mtaani, ya volti 9 wakati mwingine unaitafuta. Betri ikiisha kwenye mita hizi ndogo, namba zinaweza kupanda kuliko ukweli, kwa hiyo alama ya betri ikitokea usiipuuze.

Kwa mwenye bajeti ndogo, chaguo la busara ni moja ya CAT III 600V yenye fyuzi za kauri, kipimo cha kepasita na kinachojichagulia, kutoka kampuni inayojulikana ya China au kwingineko. Huhitaji Fluke ili ufanye kazi salama, ingawa anayeishi kwa kazi ya viwandani atarudisha hela yake. Kifaa kizuri hakimpi mtu leseni, kwa hiyo kazi ya kufunga umeme wa jengo Tanzania inabaki ya fundi mwenye leseni ya EWURA.

Na hata mita bora inaweza kufa mkononi bila kukuambia. Kabla ya kugusa waya unaoamini umezimwa, pima kwanza soketi unayojua ina umeme. Pima waya wako. Kisha rudi upime soketi ileile tena. Ikikujibu mara zote mbili, sifuri ya katikati ni ya kweli. Testa ya bisibisi na kile kitaa cha kuhisi umeme bila kugusa vinasaidia kutafuta, lakini havitoshi kuthibitisha.

Ile DT830 usiitupe. Iache mezani kwa ajili ya redio na betri, na lile tundu la 10A lizibe kwa kipande cha tepu nyeusi.